Stata ikigoma usikimbilie kuishusha
Jamani wenye magari ya zamani, stata ikigoma washa kwanza taa kubwa halafu piga stata huku unaziangalia. Zikififia mpaka karibu kuzima, mara nyingi ni betri imechoka au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe, zikibaki zinawaka vilevile na unasikia "ta" moja tu basi umeme haufiki kwenye mota, hapo shuku solenoidi (ile swichi ya umeme ya stata) au kaboni brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimeisha. Ila kinachosahaulika kabisa ni waya wa ethi kati ya injini na bodi, injini imekaa juu ya raba kwahiyo huo waya ukichoka umeme haurudi vizuri, na unakuta kwa juu unaonekana mzima kumbe kutu imejaa chini ya bolti. Weka nyutro na hendibreki, chukua mita ya kupima volti, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye chuma cha injini (magari kadhaa ya Uingereza ya zamani chanya ndo inaenda kwenye bodi, angalia kwanza), mwenzako apige stata, ikisoma zaidi ya volti 0.5 fungua huo waya usugue na msasa mpaka chuma king'ae.