SOMO: Kufungua dirisha kwenye yai uone damu na mishipa vikizaliwa pamoja

Asalaam aleikum. Kila muhula swali ni lile lile: damu na mishipa, kipi hutangulia? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Jibu limo ndani ya yai la kuku.

1. Pata mayai ya kuku anayekaa na jogoo, yasiyoingia friji.

2. Yalaze ubavu kwenye mashine ya kuangulia, nyuzi 37.5 hadi 38. Andika saa. Usiyageuze.

3. Tia alama ya penseli upande wa juu.

4. Punguza ute. Hapa ndipo nilipoharibu. Kiinitete huelea juu ya kiini, karibu kabisa na ganda. Mara ya kwanza nilikata moja kwa moja, makasi yakapasua mishipa na damu ikatapakaa mbele ya darasa zima. Wanafunzi wawili walilia, na haki yao. Sasa natoboa ncha butu, naingiza sindano ikielekea chini, navuta mililita 2 hadi 3, kisha naziba tundu kwa tepu. UKIONA NJANO kwenye bomba, umetoboa kiini. Chukua yai jingine. Bandika tepu penye alama kabla ya kukata, vipande vya ganda visidondoke ndani.

5. Kata dirisha la ukubwa wa sarafu.

Fungua yai moja saa ya 36 tangu liingie mashineni, jingine saa ya 72. La kwanza lina madoadoa mekundu kuzunguka kiinitete: ndivyo visiwa vya damu. Seli za katikati ya kisiwa huwa damu. Za pembeni hulala bapa, zikashikana, zikawa ukuta wa mshipa. Kisha visiwa huungana. Katika yai la pili utakuta wavu mzima, na moyo unapiga. Mtafiti Florence Sabin aliyafuatilia haya kwenye viinitete hai vya kuku, akachapisha mwaka 1920.

MASWALI

Mkomani: Nimetumia mayai ya duka, siku tatu hamna kitu.
— Hatua ya 1. Jogoo.

Mkomani: Ungesema mapema.
— Nimeisema mwanzo kabisa. Soma.

BintiShela: Mwalimu, basi damu na ukuta ni watoto wa mama mmoja?
— Swali zuri, mwanangu. Mtafiti Murray mwaka 1932 alimpa mama huyo jina, hemanjioblasti. Mwaka 1998 maabara ya mtafiti Keller ilionyesha seli moja ya panya, ikikuzwa kwenye sahani, inazaa aina zote mbili. Lakini mwaka 2006 watafiti Ueno na Weissman waligundua kwamba ndani ya panya kisiwa kimoja hujengwa na mama kadhaa. Seli kuweza kuzaa zote ni jambo moja, kuzaa zote kweli ni jingine. Na baadaye, kwenye mshipa mkuu wa mgongoni, seli za ukuta wenyewe hugeuka zikawa mama wa damu. Ukifungua lako, nichoree ulichokiona.

Nahodha: Yangu hutoka bara, boti ya Mokowe yanatikisika sana.
— Yapumzishe siku nzima, ncha nyembamba chini, ndipo uyatie mashineni.

Nahodha: Mimi huyafukia kwenye pumba za mchele.
— Ahsante kaka, nitajaribu safari ijayo.