Jinsi ya kumwita Mjapani: kabla ya -san, angalia nani anasikiliza

Nilipoanza kazi katika ofisi moja mjini Nagoya, nilidhani -san ni "Bwana" au "Bi" tu, ila hukaa nyuma ya jina. Nikawa naibandika kila mahali. Iliniponza kwenye simu, na nitafika huko. Kwanza misingi.

Hatua ya 1: Tafuta jina la ukoo. Kwa Kijapani hutangulia. Tanaka Hiroshi ni Hiroshi wa ukoo wa Tanaka, nawe utamwita Tanaka. Hiroshi waachie mama yake na rafiki zake wa utotoni. Kwenye kadi za kazi zenye herufi za Kirumi mpangilio hubadilikabadilika, kwa hiyo angalia neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu: mara nyingi ndilo la ukoo.

Hatua ya 2: Weka -san. Mwanamume, mwanamke, ameoa, hajaolewa, yote sawa: Tanaka-san. Hata muuza maua ni hanaya-san. Ila usijiwekee mwenyewe kamwe. Kusema "Watashi wa Juma-san desu", yaani mimi ni Juma-san, ni kama mtu kujiamkia shikamoo na kujiitikia marahaba.

Hatua ya 3: Sahau "wewe". Kamusi itakuambia ni anata. Ukimwambia hivyo mkubwa wako, atahisi umemnyooshea kidole. Rudia jina tu: "Tanaka-san wa nani o tabemasu ka?", yaani Tanaka-san atakula nini, ilhali unazungumza naye uso kwa uso. Mwalimu, daktari na wakili huitwa sensei, na mkuu wa idara ofisini ni bucho. Vyeo hivi havihitaji tena -san juu yake.

Kuhusu -kun (wavulana na walio chini yako kazini) na -chan (watoto, vipenzi, hata paka), mgeni asiharakishe. Bungeni, hata hivyo, -kun ni desturi rasmi: Spika huwaita wabunge hivyo. Doi Takako, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi mwaka 1993, yeye aliwaita kwa -san.

Hatua ya 4: Jiulize, huyu ni wa ndani au wa nje? Hapa ndipo nilipoanguka. Mteja alipiga simu akimtaka mkuu wangu. Nikajibu kwa adabu zote nilizolelewa nazo: Tanaka-bucho ametoka. Mwenzangu wa meza ya pili akafumba macho kama aliyeng'atwa na siafu. Simu ilipokatika akaniandikia kwenye karatasi jibu lililotakiwa:

"Tanaka wa gaishutsu shite orimasu." Yaani, Tanaka ametoka.

Tanaka. Mtupu, bila -san, bila cheo! Mtu aliyenizidi miaka ishirini. Kwetu ukimzungumzia mzee wa nyumba mbele ya mgeni ndiyo kwanza unamkweza. Wajapani hufanya kinyume: mbele ya mtu wa nje, mkuu wako ni sehemu yako, na kumtukuza ni kujitukuza. Mteja akiondoka, geuka umwite Tanaka-bucho kama kawaida.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mama yako ukimwita ni okaasan, lakini ukimtaja kwa wageni ni haha. Mama wa mwenzio hubaki okaasan. Na vuta irabu vizuri: obaasan ni bibi kizee, obasan ni shangazi. Ukimvutia irabu mama wa miaka arobaini, usitegemee chai.

Hatua ya 5: Kwenye maandishi, panda ngazi moja. Barua na bahasha hutumia -sama kwa mtu, na onchu kwa kampuni au ofisi. Visitumike vyote viwili kwa mpokeaji mmoja.

Kuna na bahasha ya majibu utakayotumiwa, yenye anwani ya wao wenyewe. Baada ya jina lao wameandika yuki, neno linaloonyesha tu barua inakokwenda, kwa sababu hawawezi kujipa heshima. Usiirudishe hivyo. Chukua rula, lifute yuki kwa mistari miwili, andika pembeni onchu, au sama kama ni mtu. Mimi hutumia kalamu nyeusi, na huiacha wino ikauke kabla sijaigusa tena.