Kuku Akinyonyoka Manyoya, Usikimbilie Kumchinja

Unafungua banda asubuhi, sakafu imetapakaa manyoya kana kwamba paka amelala humo. Unawahesabu: wote wapo, wanakula, ila shingo ziko wazi na mayai yamepungua. Hapo ndipo wengi wetu, Kayole hadi Githurai, hudhani ni kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, na kumwita mnunuzi siku hiyo hiyo. Ngoja kwanza.

Kuku akishafika mwaka mmoja na nusu hivi, hubadilisha manyoya. Huanza kichwani na shingoni, yakateremka kifuani na mgongoni, mwisho mabawa na mkia. Ulaya hungoja siku zianze kufupika. Nairobi mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kila kuku ana wakati wake, na mara nyingi sisi ndio tunaomharakisha: mgao wa maji umewaacha na kiu siku nzima, au taa waliyozoea jioni imezimika kwa sababu tokeni za umeme zimeisha.

Mkamate mmoja umtazame. Ngozi ikiwa safi, na vijiti vidogo vinachomoza kama sindano, ni manyoya mapya. Mgongo wenye manyoya yaliyokatika na vidonda ni kudonoana. Chawa utawaona chini ya mkia. Utitiri mwekundu njoo na tochi usiku, maana mchana hujificha kwenye nyufa za fito wanazolalia. Anayezubaa, anayekohoa au kuharisha kijani, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sasa chakula. Unyoya karibu wote ni protini, na chakula cha kutaga huwa na asilimia 16 hivi. Kuku 10 hula takriban kilo 1.2 kwa siku; wachanganyie konzi moja ya omena (dagaa) iliyosagwa, utafika karibu asilimia 18. Usiogope mayai kunuka samaki, kwani anayenyonyoka kwa kawaida hatagi! Punguza mahindi matupu na mabaki ya ugali, yanashibisha tu. Maji yasikosekane: weka mtungi wa akiba.

Baada ya hapo usiwashikeshike. Kijiti kichanga kina damu ndani. Kikivunjika kinavuja, na wenzake wakiiona damu hawaachi kumdonoa. Aliyeumia mtenge. Mwezi wa Julai ziba upepo chini ya banda kwa gunia, ila juu hewa ipite.

Kazi nzima huchukua wiki 8 hadi 12. Nami nikiwa na nafasi ya wachache tu, simuuzi aliyenyonyoka kwa kishindo akabaki kituko. Huyo humaliza mapema na kurudi kutaga. Namuuza anayedondosha unyoya mmoja mmoja miezi nenda rudi. Upanga wa kichwani ukianza kuwa mwekundu tena, pima kwa vidole ile mifupa miwili ya nyonga: viwili vikiingia katikati, mpe chokaa ya maganda ya mayai na uandae kiota.