Somo: Kuosha pua kwa maji ya chumvi na kupuliza dawa ipasavyo, kwa wenye mafua yasiyokwisha

Swali la kama dawa ya homeopathia (tiba ya vitu vilivyozimuliwa mno kwa maji) inafaa kwa mafua sugu na mzio wa pua limerudi tena. Nimekwisha kulijibu vipande vipande hadi nimechoka, kwa hiyo leo ninaandika jibu lote mahali pamoja, ili atakayeuliza baadaye aelekezwe hapa. Niseme mapema kwamba katika hatua zinazofuata hamtakuta kidonge chochote cha homeopathia, na atakayetaka kujua sababu ataikuta katika majibu yangu kwa wanachama.

Hatua ya 1: Jua unachougua.
Mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, na mara nyingi huambatana na koo kuuma, uchovu, pengine na homa. Virusi vinavyoyasababisha vinazidi aina 200, ndiyo maana mtu mzima kuyapata mara 2 au 3 kwa mwaka si ugonjwa wa ajabu, na mtoto mdogo huyapata mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini mtu anayepiga chafya mfululizo kila asubuhi kwa miezi, huku pua, macho na kaakaa vinamwasha, kamasi ni jepesi na homa haipo, huyo kwa uwezekano mkubwa ana mzio, hata kama mwenyewe amezoea kuuita mafua.

Hatua ya 2: Andaa maji.
Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled water), au yaliyochemka kwa nguvu kwa dakika 1 (dakika 3 ikiwa unaishi juu ya mita 2,000), kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Maji ya bomba yasiyochemshwa hayafai hata yakiwa maangavu, kwa sababu amiba anayeitwa Naegleria fowleri, ambaye akinywewa huishia tumboni bila madhara, akiingia puani anaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Tukio kama hilo ni nadra sana, lakini mwaka 2011 watu 2 katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba.

Hatua ya 3: Changanya.
Katika mililita 240 za maji tia nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyoongezwa madini joto, pamoja na chembe kidogo za baikaboneti ya soda ili mchanganyiko usichome. Magadi si mbadala wake, wala hamira.

Hatua ya 4: Osha.
Inama juu ya sinki, laza kichwa upande mmoja, pumua kwa mdomo, kisha mimina au minya chupa taratibu katika tundu la juu ili maji yatokee tundu la chini, na baadaye ubadili upande. Ukimaliza, penga kwa upole bila kuziba tundu lolote, kwa maana kupenga kwa nguvu huyasukuma maji kuelekea masikioni.

Hatua ya 5: Puliza dawa.
Hapa ndipo watu wengi huharibu, nami nilikuwa mmoja wao. Dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe) za kupuliza, kama vile flutikasoni, mometasoni na budesonidi, ndizo zenye nguvu kuliko zote za kawaida kwa mzio wa pua unaosumbua kila siku, lakini hupulizwa vibaya kiasi kwamba mtu huishia kusema dawa haifanyi kazi. Subiri kama dakika 10 baada ya kuosha, ili dawa isichukuliwe na maji yaliyobaki. Tikisa chupa, na ikiwa ni mpya au imekaa bila kutumiwa, puliza hewani mpaka itoe ukungu laini. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma. Shika chupa kwa mkono wa kulia kwa ajili ya tundu la kushoto, na kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya tundu la kulia. Mpango huo wa mikono ndio utakaoielekeza ncha nje, upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua. Dawa ikipigwa kwenye ukuta huo siku baada ya siku, utando wake hukauka, hufanya vidonda na kutoa damu. Mtu huilaumu dawa kumbe kosa ni mwelekeo wa mkono. Vuta pumzi kidogo tu wakati wa kupuliza. Ukiisikia dawa kooni ujue umevuta kwa nguvu mno na umeimeza badala ya kuiacha puani.

Onyo jingine: dawa hii haizibui pua papo hapo. Huanza kusaidia baada ya saa au siku kadhaa, na nguvu yake kamili huweza kuchukua wiki 2 za matumizi ya kila siku. Anayeipuliza siku ambayo pua imeziba tu, kisha akaiacha, hajaijaribu. Mwenye presha ya macho, na mzazi wa mtoto, waanze kwa daktari.

Hatua ya 6: Osha chupa ya maji kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, na uiache ikauke kabisa.

Usijitibu nyumbani ikiwa kamasi linatoka upande mmoja tu, hasa likiwa na damu au harufu mbaya. Ikiwa jicho linavimba. Ikiwa kifua kinabana na kutoa mlio. Au ikiwa maji maangavu yanatiririka puani baada ya kuumia kichwani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye Haraka: Samahani mkuu, sijasoma yote. Maji ya bomba yanafaa?

Jibu: Hatua ya 2. Irudie yote, hasa sentensi ya mwisho.

Kitunguu Maji: Mimi nilipewa vidonge vya homeopathia vya kitunguu, Allium cepa 30C, na mafua yakaisha ndani ya wiki. Mbona unapinga kitu ambacho hujakijaribu?

Jibu: Ndugu, mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hivi hata kwa asiyetumia chochote, kwa hiyo kupona kwako hakutuambii lolote kuhusu kidonge. Alama ya 30C ina maana kwamba utomvu wa kitunguu umezimuliwa sehemu 1 kwa 100, kisha kazi hiyo ikarudiwa mara 30, yaani sehemu 1 katika namba yenye 1 ikifuatwa na sifuri 60. Kwa hesabu za kemia, ukishapita mzimuo wa 12 haitarajiwi ibaki hata molekuli moja ya kitunguu. Sihitaji kukimeza kidonge ili kuyajua hayo. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo na mwaka 2015 likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao homeopathia imethibitika kwa ushahidi wa kuaminika kuwa inautibu.

Kitunguu Maji: Basi angalau haina madhara.

Jibu: Kidonge cha sukari, pengine. Lakini si kila chenye lebo ya homeopathia kimezimuliwa hivyo. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu waache jeli za zinki za kupaka puani zilizouzwa kwa lebo hiyo, baada ya kupokea taarifa za watumiaji waliopoteza uwezo wa kunusa. Madhara mengine ni pumu inayocheleweshwa kutibiwa kwa kutegemea vidonge hivyo.

Mdadisi: Shikamoo mwalimu. Nimesikia kuna tiba ya sindano ambapo mgonjwa huchomwa chavua ileile inayomdhuru. Je, hiyo si kanuni ya homeopathia kwamba kinachofanana hutibu kinachofanana?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Kufanana kupo kwa juu tu. Samuel Hahnemann, mwanzilishi wa homeopathia, alitangaza kanuni yake Ujerumani mwaka 1796, naye alichagua dawa kwa kufananisha dalili: kitunguu humtoa mtu machozi, basi kipewe anayetokwa machozi. Tiba ya sindano aliyoichapisha Leonard Noon wa London mwaka 1911 hutumia kile hasa kinachomdhuru mgonjwa, katika dozi zinazopimika, na tena dozi hizo huongezwa badala ya kuzimuliwa, mpaka mfumo wa kinga uzoee. Kwa kuwa kitu chenyewe kimo kweli, huweza kuleta mshtuko wa mzio, ndiyo maana mgonjwa huangaliwa kwa dakika 30 baada ya sindano, na tiba nzima huchukua miaka 3 au zaidi. La kufurahisha ni kwamba Charles Blackley wa Manchester, aliyejipaka chavua puani na kwenye ngozi iliyokwaruzwa, na mwaka 1873 akaonyesha kuwa ndiyo chanzo cha mafua ya majira ya nyasi, alikuwa daktari wa homeopathia. Alipima kwa uangalifu, na vipimo vyake bado vinaheshimiwa.

Pua Imeziba: Natumia matone ya kuzibua pua kila usiku tangu mwaka jana. Nikiacha naziba kabisa. Nipandishe dozi?

Jibu: Hapana. Ikiwa ni oksimetazolini au ksilometazolini, hizo si za kupita siku 5. Zikizidi, mishipa ya damu puani huvimba kila dawa inapoisha nguvu, na sasa matone yenyewe ndiyo yanayokuziba. Mwone daktari, mara nyingi mgonjwa huanzishiwa steroidi ya kupuliza huku matone yakiachwa, pengine tundu moja kwanza.

Mama Wawili: Kwetu chafya huanza kitandani. Kuna la kufanya kabla ya dawa?

Jibu: Lipo. Mara nyingi chanzo ni utitiri wa vumbi, ambao hula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevu. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, kwa sababu maji baridi huwaacha hai wengi wao, na uvishe godoro mfuko usiopitisha vumbi.

Mama Wawili: Na wanasesere wa manyoya wa watoto?

Jibu: Wasioweza kufuliwa kwa maji ya moto wafungie katika mfuko, uwaweke kwenye friza usiku mzima au zaidi, kisha wafue kwa maji ya kawaida. Baridi kali huwaua utitiri, lakini ni kufua ndiko kunakoondoa kinyesi chao, na kinyesi hicho ndicho hasa kinachowapigisha chafya.