SOMO: Lami imekufa kabla ya umri wake, tunachunguzaje?

Wakuu salaam. Huku kanda ya kati lami ikibonyea tu maneno ni mawili, mkandarasi kala hela au malori yanazidisha mzigo. Yote yanaweza kuwa kweli, ila kama hujaipasua barabara hizo ni stori za kijiweni.

1. Anza na makaratasi. Usanifu ulikadiria malori mangapi, maabara ilipata nini wakati wa ujenzi, mizani inasemaje. Mzigo wa ekseli ukizidi kiwango kwa asilimia 20 tu, uharibifu unakuwa kama mara mbili, kwahiyo usiidharau hesabu hii.

2. Tembea kwa miguu, sio kwenye gari na kiyoyozi. Weka rula ya mita 2 kukatiza njia ya matairi. Ukiona mfereji mwembamba na lami imevimba pembeni, shida inaanzia kwenye lami yenyewe, na utaikuta zaidi kwenye vilima na karibu na matuta ambako malori yanatambaa. Bonde likiwa pana limelala taratibu, shuku tabaka za chini. Nyufa za ngozi ya mamba, angalia kama mtaro wa pembeni umeziba.

3. Hapa ndo wengi wanachemka: wanachukua sampuli palipoharibika tu. Chukua na pazima, barabara ileile, upande uleule, maana kama pazima napo pana kasoro ileile uliyoipata pabovu basi hiyo kasoro sio iliyoua barabara, endelea kutafuta.

4. Toboa koa, yaani kipande cha mviringo kinachokatwa kwa mashine kutoka kwenye lami. Ufa ukianzia juu, fikiria lami iliyokakamaa kwa jua, ukianzia chini, tabaka linalobeba limechoka. Koa ikiachana vipande viwili mkononi, tabaka hazikushikana. Halafu kata mtaro kukatiza leni nzima, safisha ukuta wake, pima unene wa kila tabaka kila baada ya sentimita chache, lililobonyea utaliona kwa macho. Kama besi (tabaka la chini ya lami) ni ya saruji nyunyizia fenoftalini, dawa ya maabara ya kupima rangi, hapohapo ukuta ukiwa mbichi, ikigeuka pinki saruji bado ina uhai, isipobadilika rangi imekufa au haikuwekwa ya kutosha, linganisha na pazima. Chini kabisa shusha DCP (fimbo ya chuma inayogongwa kwa nyundo kupima ugumu wa udongo) na uchukue udongo wa kupima unyevu.

MASWALI

Swali: Injinia, sisi tulipima Septemba hapa Dodoma, DCP ikatoa majibu mazuri kabisa, sasa mbona barabara mbovu?

Jibu: Septemba hapa kila kitu kikavu kaka, hata udongo mweusi wa mbugani unajifanya mwamba. Rudi Machi au Aprili mvua zikiwa zimeshakolea, upime palepale.

Swali: Mkuu hela ya kukata mtaro hatuna, koa peke yake haitoshi?

Jibu: Inakupa unene na ufa, haikuonyeshi tabaka lipi limesogea. Kata hata mmoja, pabovu zaidi.

Swali: Kwetu lami inatoa jasho mwezi wa kumi, inang'aa na matairi yanaacha alama, ni joto tu?

Jibu: Joto linaifichua tu dada. Peleka koa maabara wapime nafasi za hewa na kiasi cha lami, hewa ikiwa chini ya asilimia 3 jua lami haina pa kutanukia, inapanda juu. Na hapo usikubali wamwage kokoto wakuambie wametengeneza.