Kulinganisha dini za Mashariki na Magharibi bila kupendelea

Anza kwa kutilia shaka majina yenyewe. Yesu alizaliwa Asia, kama Buddha. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India wenye hekalu Mombasa tangu 1963, hawana Mungu muumba kabisa, ilhali Wahindu wengi wanaye. Kwa hiyo usipime "Mashariki" nzima nzima. Chukua swali moja tu.

Mimi huchukua hili: kwa nini mtoto azaliwe kipofu? Piga mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika karma, yaani matendo ya maisha yaliyopita. Kulia, Yohana sura ya 9: wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake; Yesu anajibu si yeye wala wazazi, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake. Sasa chini ya kila jibu jiulize: ningeona nini ndipo nijue si kweli? Kwangu hapo pamebaki patupu pande zote mbili.

Halafu jichunguze. Mimi nimelelewa kanisani, basi padri huwa nambana kwa maswali, lakini mtawa wa Kibuddha akisema yale yale naitikia kwa kichwa. Ugeni tu huo. Mbane naye.