Superbird ya Petty, 1970: kuiunda kwa skeli ya 1/24 kwa bomba la PVC na mbao

Chagua mbio kabla ya kuchagua gari. Watu wengi husema "nataka kuunda gari namba 43 ya Richard Petty" (dereva wa mbio za gari za NASCAR kule Marekani), kisha wanatoa kitu chenye pua ya mwaka huu, rangi ya mwaka ule na kioo cha gari ya makumbusho. Msimu wa 1970 Petty alikuwa na Plymouth Superbird, ile yenye pua ndefu na bawa nyuma, kwa ajili ya njia ndefu za mbio kama Daytona na Talladega. Kwenye njia fupi mara nyingi timu ilitoka na Road Runner ya kawaida, isiyo na pua wala bawa. Ukipenda iliyoshinda Daytona 500 mwaka huo, hiyo ni namba 40 ya timu hiyo hiyo, dereva Pete Hamilton. Umbo ni lile lile, kinachobadilika ni namba na maandishi madogo.

Ukishachagua, tafuta picha za mbio hizo tu: ubavu kamili, mbele, nyuma, na moja ya juu ikipatikana. Usiziamini picha za gari zilizokarabatiwa, kwani nyingi zimepachikwa vitu vya baadaye. Mtu anayezijua gari hizi ataangalia haya kwanza:

Nyekundu ya mdhamini wake STP haimo. Udhamini ule ulianza 1972, na wakati huo gari za mabawa zilishaondoka, maana kuanzia 1971 ziliwekewa kikomo cha injini cha inchi za ujazo 305, wakati injini yake, Hemi, ilikuwa 426.

Wavu wa dirisha la dereva pia haumo kwenye mbio za mwanzo wa msimu. Ulilazimishwa baada ya ajali ya Petty kwenye njia ya mbio ya Darlington, Mei 1970, gari ilipobiringika huku mkono wake ukining'inia nje.

Paa ni rangi tupu. Superbird za barabarani zilivishwa vinaili ili kuficha maungio ya kuzunguka kioo cha nyuma. Taa za kuinuka za barabarani hazimo kwenye ya mashindano, mahali pake pamezibwa.

Bawa la Dodge Charger Daytona, gari nyingine ya mabawa yenye jina kama la njia ile, si hili. La Daytona miguu yake imesimama zaidi, la Superbird limelala kurudi nyuma na miguu ni mipana chini. Boneti na madigadi ya mbele nayo yalichukuliwa kwa Dodge Coronet, kwa hiyo ukifuata picha ya Road Runner kwa sehemu ya mbele, mistari haitakubali kukutana na pua.

Vipimo

Kipimo mama ni kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma: inchi 116, sawa na milimita 2,946. Gawa kwa 24 upate mm 122.8. Upana wa bodi ni karibu mm 81, na urefu wote, pua na mkia, unakaa kwenye sentimita 23 na kitu. Vilivyobaki vyote vitoe kwenye picha ya ubavu. Ichapishe, pima kitovu hadi kitovu kwa rula ya chuma. Tuseme umepata mm 87. Gawa 122.8 kwa 87, unapata 1.41. Kila kitu utakachopima kwenye picha hiyo kizidishe kwa 1.41: cha mm 20 kitakuwa mm 28.2.

Hesabu hii inadanganya picha ikiwa imepigwa karibu. Kabla ya kuitumia, pima upana wa gurudumu la mbele na la nyuma kwenye karatasi. Yakitofautiana kwa zaidi ya mm 1, itupe, kwa sababu pua au mkia umekuzwa na lenzi.

Usichanganye pia na vipande vya seti za 1/25, ambazo ni nyingi kwa gari za Marekani. Kwa 1/25 kitovu hadi kitovu ni mm 117.9. Tofauti ya mm 5 inaonekana hata ukiwa umesimama mlangoni.

Plastiki ya bodi

Seti za kuunganisha huku Unguja ni za kuagizia, na ushuru unaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Bomba la PVC la maji machafu la inchi 4 linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, Mwanakwerekwe mpaka Chake Chake. Kipande cha sm 30 kinatoa bati la plastiki la karibu sm 30 kwa 34, na bodi nzima haimalizi hilo. Chagua lenye ukuta mwembamba, mm 2 au karibu yake.

Lipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Chemsha maji kwenye sufuria pana, litumbukize dakika mbili au tatu mpaka lilegee kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, litoe kwa koleo, lilaze baina ya vigae viwili na juu weka ndoo iliyojaa maji. Liache lipoe kabisa. Ukilitoa vuguvugu litajikunja tena, kwani PVC inalikumbuka umbo lake la mwanzo. Ndiyo sababu kazi ikishamalizika haiachwi kwenye dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani. Moto wa jiko usilipate plastiki: PVC ikiungua hutoa moshi wa asidi unaokwangua koo na mapafu.

Kata mbavu mbili, sakafu, boneti, buti na paa. Mbavu za Plymouth hii haziko wima. Zinajaa katikati na kuingia ndani kuelekea madirisha, kwa hiyo kila ubavu urudishe kwenye maji ya moto na uukunje kidogo juu ya chupa kabla ya kuunga. Paa lichongee kibao cha msonobari, lipashe, ulivute juu yake kwa mikono miwili yenye glavu.

Unga kwa gundi ya bomba, kidogo kidogo kwa kijiti. Gundi hii haishikishi tu, inayeyusha. Ukiipaka nyingi, plastiki inabaki laini ndani kwa siku kadhaa na inanywea polepole. Ukipiga msasa siku hiyo hiyo utaona imekaa sawa, na wiki mbili baada ya rangi mfereji unatokea juu ya kila kiungo. Acha saa 24, na penye gundi nyingi zaidi ya hapo.

Kinachoiumbua kazi ya PVC ni unene. Milimita 2 kwenye skeli hii ni karibu sentimita 5 za bati. Ukingo wa madirisha, matao ya magurudumu na mdomo wa chini wa mbavu upunguze kwa tupa kutoka ndani, mpaka ukingo unaoonekana ubaki mm 0.7 au 0.8. Kwa ndani pawe pabaya utakavyo, hapaonekani.

Pua na bawa

Pua chonga kwa mbao laini. Mafundi seremala hutupa vipande vya msonobari vinavyotosha. Mninga na mvule ni migumu mno kwa kazi hii. Chora mstari wa katikati juu na chini ya kipande na usiufute mpaka mwisho. Tengeneza vigezo viwili vya karatasi ngumu: cha ubavuni, na cha juu cha nusu moja tu. Hicho cha nusu kigeuze upande wa pili, kwani ukikata vigezo viwili vya kushoto na kulia vitatofautiana. Pua ya Superbird inashuka kwa mteremko mrefu halafu ncha inainuka kidogo sana. Wengi huichonga imeteremka hadi mwisho, ikawa ya Daytona.

Mbao hunywa unyevu na huku kwetu hewa haikauki kamwe. Paka sanding sila mikono mitatu, ukipiga msasa namba 240 baina yake, kisha unga na bodi na ujaze kiungo kwa pati ya gereji. Bila sila, masika yanapofika mbao inavimba na ufa unafuata pale pale pua inapokutana na boneti.

Bawa la kulala lina tumbo na mgongo. Tumbo lililojaa linatazama chini, ubapa unatazama juu, maana kazi yake ni kukandamiza mkia chini, si kuinua. Ukiligeuza, gari yako imetengenezewa kuruka. Tumia kipande cha rula ya mbao kilichopunguzwa kwa msasa, na miguu itoke kwenye PVC iliyosuguliwa hadi mm 1.5. Usitegemee gundi pekee: toboa tundu la mm 0.8 chini ya kila mguu, ingiza pini ya ofisini, na pini izame kwenye buti. Bawa ndilo la kwanza kuvunjwa na mikono ya watoto.

Magurudumu na ndani

Ringi ni za inchi 15, yaani mm 15.9, kipenyo cha tairi kitoe kwenye picha. Soli ya kandambili nyeusi inatoa tairi nzuri: toboa viduara, vifunge kwenye msumari ndani ya drili, zungusha polepole na ukandamize msasa namba 120 mpaka vifike kipimo. Ekseli ni spoki ya baiskeli, mm 2. Kabla ya kugandisha chochote, weka bodi juu ya magurudumu na ulinganishe na picha ya ubavu. Mbele pakae chini kidogo kuliko nyuma.

Kiti ni kimoja. Kizimba cha mabomba kinachomkinga dereva kilikuwa cha mabomba ya inchi 1¾, kwa skeli mm 1.85. Waya wa umeme wa shaba wa 2.5, ule wa uzi mmoja, ukivuliwa plastiki una mm 1.78. Huwezi kupata karibu zaidi ya hapo kwa bei hiyo, na unapindika kwa mkono.

Rangi

Kila mchapishaji wa stika atakwambia mashine yake haina wino mweupe, na namba 43 ni nyeupe. Kwa hiyo nenda kinyume. Praima, kisha nyeupe gari nzima, iache ikauke siku mbili. Bandika tepu ya karatasi mlangoni, chora namba kwa kigezo kutoka kwenye picha, kata kwa wembe mpya na ubakishe tepu yenye umbo la namba tu. Fanya hivyo kwenye paa na kwa neno Plymouth lililoko nyuma ubavuni. Kandamiza kingo kwa kucha, pulizia mkono mmoja mwembamba wa nyeupe ili kuziba nyufa za tepu, ndipo uje na buluu. Chomoa tepu buluu ikiwa bado haijakauka sana, ukivuta kwa kulala na si kwenda juu.

Buluu ya Petty ni nyepesi, ya mbinguni. Mwambie fundi wa rangi za gari akuchanganyie robo lita, ijaribu kwenye kipande cha PVC na uitazame nje kivulini, usiitazame chini ya taa. Ongeza nyeupe zaidi kidogo kuliko unavyodhani ni sawa, kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi zaidi ya kikubwa chenye rangi ile ile.

Usipulizie masika wala vuli. Tina inaporuka inapoza uso wa rangi, mvuke wa hewani unatua juu yake na rangi inageuka ya maziwa. Kipupwe, baada ya saa nne asubuhi, ndani ya boksi kubwa la kadibodi lililowekwa ubavu ili upepo wa kusi usilete mchanga: hapo rangi inakaa. Ikishafanya maziwa, subiri siku kavu na upulizie ukungu mwembamba wa tina inayokauka polepole; mara nyingi weupe unaondoka. Usiifute kwa kitambaa.

Stika ndogo za wadhamini kwenye madigadi ya mbele zichapishe kwa printa ya leza. Wino wa maji unayeyuka ukipitishiwa vanishi. Sugua mgongo wa karatasi kwa msasa namba 800 mpaka mwanga uanze kupita, ndipo ubandike.

Vioo viwe vya mwisho: jalada la faili lenye kuonyesha linatosha kwa mbele na nyuma, na milangoni acha wazi, hakuna kioo. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supa glu inatoa mvuke unaoganda juu ya plastiki kuwa ukungu mweupe, na kwenye hewa ya pwani inafanya haraka zaidi. Ukungu huo ukishakaa upande wa ndani huna njia ya kuufikia bila kung'oa paa.